Kompyuta Ilipofundishwa Sarufi ya Kiswahili

Walimu wengi hudhani kwamba kompyuta iliingia katika Kiswahili juzi juzi tu, pamoja na simu za mkononi. Sivyo. Mwaka 1983, katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Kimmo Koskenniemi alitoa nadharia ya mofolojia ya ngazi mbili: umbo la ndani la neno upande mmoja, umbo litamkwalo upande wa pili, na kanuni za kuyaunganisha, zifaazo kwa kuchambua na kwa kuunda pia. Mwenzake wa chuo hicho, Arvi Hurskainen, akaijaribu kwa Kiswahili, na mwaka 1992 akachapisha makala juu ya kazi hiyo.

Haikuwa kazi nyepesi. Kitenzi chetu kimoja huzaa maumbo maelfu, wala hayaorodhesheki. Tazama "hawatatuambia": ha-wa-ta-tu-ambi-a, sentensi nzima katika neno moja. Au "wengi": mashine haina budi kujua kwamba ndani mna wa-ingi, a na i zikiungana kuwa e. Ndiyo yale yale tuyaandikayo ubaoni (na wanafunzi wakipiga miayo!).

Hapa Mbugangari, mjini Goma, pana swali jingine. Mtoto akisema "batoto" sokoni, huelewa kila mtu. Mashine iliyopewa kanuni za Kiswahili sanifu peke yake hukwama, kwa kuwa hakuna aliyeiandikia kiambishi ba-. Nami nimekwisha kulikata neno hilo kwa wino mwekundu mara nyingi, bila kuwaeleza watoto kwamba nalo lina kanuni yake.