Mpingo au Abunusi? Historia ya Mti Mmoja Wenye Majina Mengi

Tunapofundisha ngeli ya M-MI hapa Uganda, mpingo ni mfano rahisi: mpingo, mipingo. Siku moja mwanafunzi aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, kamusi inasema abunusi ni mpingo. Kwa nini mti mmoja uwe na majina mawili?" Makala haya yanajaribu kumjibu.

Mti wenyewe

Mpingo (Dalbergia melanoxylon) ni wa jamii ya mikunde. Huota katika nyika na misitu mikavu, kuanzia Senegal hadi Afrika Kusini, hata kaskazini mwa Uganda. Hata hivyo, mpingo wa biashara hutoka hasa kusini mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Ni mti mdogo wenye miiba, na shina lake mara nyingi limepindapinda. Huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Chini ya gamba kuna tabaka jembamba jeupe, na ndani yake kiini cheusi chenye wekundu wa zambarau. Mita moja ya ujazo ya kiini hicho ina uzito wa takriban kilo 1,200, ndiyo maana kipande chake huzama majini.

Safari ya jina

Wamisri wa kale waliagiza mbao nyeusi kutoka nchi za kusini, Nubia na Punt. Michoro ya hekalu la malkia Hatshepsut, aliyetawala katika karne ya 15 kabla ya Kristo, inaonyesha mbao hizo miongoni mwa bidhaa za Punt. Wataalamu wa mbao wamechunguza samani za enzi hizo na kugundua kwamba ni mpingo. Wamisri waliandika jina lake kwa konsonanti hbny. Wagiriki wakalichukua, kisha Warumi. Kiarabu kikawa na abnus, na Kiswahili kikapata abunusi.

Jina lilipofika Ulaya lilibandikwa kwenye miti mingine, ile ya jenasi ya Diospyros ya Asia na Afrika, ambayo si ndugu wa mpingo. Mti ulioanzisha jina ukanyang'anywa jina lake.

Neno mpingo halikusafiri hivyo. Ni la Kibantu, na lina ndugu zake, kama phingo la Kichewa. Lilibaki pale mti ulipo.

Wanamuziki na wachongaji

Katika karne ya 19, mafundi wa Ulaya walitafuta mti wa kutengenezea klarineti, obo (ambayo ni jamaa ya zumari yetu) na zumari za mfuko za Waskoti. Mbao walizotumia awali zilipinda kwa unyevu wa pumzi ya mpigaji. Mpingo una mafuta yake ya asili, haupindi kwa urahisi, na hushika barabara vyuma vinavyofungwa juu yake. Madukani wakauita grenadilla, jina lisilomkumbusha mnunuzi Lindi wala Kilwa.

Nyumbani, mti uliendelea kuwa mikononi mwa wachongaji. Wamakonde waliohama kutoka Msumbiji kwenda Tanganyika walikuza mitindo inayojulikana kwa majina ya Kiswahili: ujamaa, watu waliobebana katika gogo moja, na shetani, uliohusishwa na Samaki Likankoa mwishoni mwa miaka ya 1950. Huko Kenya, Mutisya Munge wa Ukambani alirudi na ujuzi wa kuchonga alioupata Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Biashara ya vinyago ilipokua, mpingo ukaadimika Kenya, na wachongaji wakageukia muhugu, kisha mwarobaini na jakaranda.

Nani hunufaika?

Kwa miaka mingi wanakijiji waliokaa na mipingo walipata kidogo mno magogo yalipopakiwa kwenye malori. Sheria ya Misitu ya Tanzania ya mwaka 2002 iliruhusu vijiji kumiliki misitu yao na kubaki na mapato yake. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, vilifikia hatua ya kupata hati ya kimataifa ya usimamizi bora wa misitu. Tangu mwaka 2017 biashara ya mpingo kati ya nchi na nchi inadhibitiwa na mkataba wa CITES, ingawa ala za muziki zilizokamilika ziliondolewa sharti hilo mwaka 2019.

Basi mwanafunzi wetu ajibiwe hivi: abunusi ni jina lililosafiri na wanunuzi, mpingo ni jina la wanaoishi na mti. Yote mawili ni Kiswahili sanifu, na kamusi haikukosea. Lakini mti unaohitaji umri wa mzee mmoja ili ukomae utatunzwa na wale wanaouita mpingo, iwapo nao watapata sehemu yao.