Kifo Kisicho na Harufu

Sisi watoto wa Muleba tumerithi habari ambayo bado inauma. Mwaka 1983 wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa hapa Kagera. Vita vya Idi Amin vilikwisha 1979, magendo ya mpakani yakapamba moto, na watu wakauita ugonjwa ule Juliana, jina la kitambaa kilichopitishwa kutoka Uganda. Wengine wakasema eti ni uchawi wa mfanyabiashara aliyedhulumiwa. Jina lilipatikana upesi, ukweli ukachelewa, na vijiji vikajaa yatima.

Nilipoanza kusoma habari za Goiânia, kule Brazil, niliyakumbuka hayo. Septemba 13, 1987 watu wawili walichukua kifaa cha kutibia saratani katika kliniki iliyohamwa, kikaishia kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ndani mlikuwa na sesiamu-137, inayong'aa buluu gizani. Jamani, watu wakagawana kama zawadi! Wakatapika, ngozi ikababuka, na madaktari wakadhani ni ugonjwa wa nchi za joto. Ukweli ulijulikana Septemba 29. Walikufa 4, waliochafuliwa wakawa 249, na waliopimwa wakazidi 112,000.

Basi tazama: huku ugonjwa uliitwa uchawi, kule mionzi iliitwa ugonjwa. Na mwaka uleule wa 1983 Tanzania ilitunga sheria ya kujikinga na mionzi. Ile ya 2003 ikaunda Tume ya Nguvu za Atomu. Lakini sheria haikai zamu usiku. Anayekaa ni muuguzi wa zahanati, naye anatakiwa ajue machache: aliyepigwa picha ya eksirei hachafui mtu, aliyepakwa unga wa mionzi huchafua. Aliye hoi aokolewe kwanza. Kisha avuliwe nguo, aoshwe kwa maji na sabuni, damu yake ipimwe tena na tena.

Machi 21, 2023 homa ya Marburg ilitangazwa Bukoba. Waliougua walikuwa 9, wakafa 6, mtumishi wa afya akiwa miongoni mwao. Waliokutana nao wakafuatiliwa mmoja mmoja, hadi Juni 2 mlipuko ukatangazwa kwisha. Kagera kumbe inaweza! Ila si mchezo: mtumishi yule alikuwa kazini. Kwa hiyo mimi nasema glovu, mafunzo na simu ya kuita wataalamu vitangulie. Mgonjwa wa kwanza hatangojea semina.