UZI: Deni la marehemu, shamba la walio hai

1/ Kila msimu wa kampeni hapa Nakuru lazima usikie ahadi ileile: "Hakuna maiti itashikwa tena juu ya bili." Tunapiga makofi, tunaenda nyumbani. Mimi nasomea sayansi ya siasa na hii ahadi inanigusa, basi wacha niwape historia yake.

2/ Babu alifariki 2019 baada ya kulazwa wiki tano. Mazishi yalikuwa Jumamosi, bili ilikuwa bado. Baba mkubwa akaweka sahihi kwenye fomu, akaacha hatimiliki ya shamba letu la Bahati, ekari moja na nusu, ndio mwili utoke. Hakuna mtu alisoma ile fomu.

3/ Tulifikaje hapa? 1965 serikali ilifuta ada kwenye hospitali zake. 1966 ikaanzisha NHIF, lakini kwa wenye mshahara. Mlango wa kujiunga kwa hiari ulifunguliwa 1972. Mkulima wa Subukia au Molo, anayepata pesa msimu wa mavuno tu, alibaki nje kwa muda mrefu.

4/ Desemba 1989 ada zikarudi, kwa jina la kuchangia gharama. Hapo ndipo msamaha wa bili ulizaliwa: ukiwa huna uwezo, unaenda kwa afisa wa ustawi wa jamii na barua ya chifu. Shida ni kwamba mwenye kujulikana husikizwa haraka, na mwenye aibu hulipa.

5/ 2004 ada za zahanati zikawa shilingi 10 na vituo vya afya 20. 2013 zikafutwa kabisa huko, na mwaka huohuo hospitali zikahamia kaunti. Oktoba 2024 SHA ikachukua nafasi ya NHIF, asilimia 2.75 ya mapato. Lakini bili za kulazwa kwenye hospitali kubwa hazikufutwa, na bima unayolipa leo haifuti deni la aliyekufa jana.

6/ Korti nazo zimesema. 1998, Mombasa, ilisemwa maiti si dhamana ya deni. 2015, Mahakama Kuu Nairobi ikasema kuwazuilia kina mama waliojifungua kwa sababu ya bili ni kinyume cha Katiba. Sawa. Lakini mwili ukiachiliwa, mwenye kudai hutafuta kitu kingine cha kushika. Kwetu ilikuwa hati.

7/ Sasa hii ndiyo sehemu wengi hatujui. Sheria ya Mirathi, iliyoanza kutumika Julai 1981, inasema madeni hulipwa kutoka kwa mali ya marehemu kabla ya warithi kugawana. Mali ikiisha, mrithi hadaiwi mfukoni mwake, ISIPOKUWA ameweka sahihi kwamba atalipa. Ile sahihi ya Ijumaa jioni ndiyo inageuza deni la marehemu kuwa lako.

8/ Tena, hakuna anayeruhusiwa kuchezea mali ya marehemu kabla korti haijamteua msimamizi. Shamba lilikuwa kwa jina la babu, kwa hivyo baba mkubwa hakuwa na mamlaka ya kuliweka rehani. Na hata mwenye shamba mwenyewe akiacha hati kama dhamana, Sheria ya Ardhi ya 2012 inasema haliuzwi bila amri ya korti.

9/ Marekani wana kitu karibu na hiki. Tangu 1993, kila jimbo lazima lidai kutoka kwa mali ya marehemu gharama ambazo Medicaid ilimlipia uzeeni. Lakini sheria hiyohiyo inasema: mjane akiwa hai, subiri. Mtoto akiwa chini ya miaka 21 au mlemavu, subiri. Na kila jimbo liwe na utaratibu wa msamaha kwa warithi watakaoumia. Ni sheria kali, lakini imeandikwa. Huombi kwa magoti.

10/ Kwa hivyo mheshimiwa akija na ile ahadi, usimuulize kama maiti zitatoka. Muulize: nani anastahili msamaha, kwa vigezo gani, nani anaamua kwa siku ngapi, na ukinyimwa unakata rufaa wapi? Na shamba ambalo mjane analimia linaguswa au haliguswi?

11/ Hati yetu haijarudi. Tunalipa shilingi 3,000 kila mwezi. Shosho bado anapanda mahindi pale, na hajaambiwa.