Kigango si Sanamu: Neno, Ndoto na Koma katika Pwani ya Kilifi

Mkatoliki aliyekulia bara akisikia neno kigango hufikiria kanisa dogo la kijijini lililo chini ya parokia. Kwa Wagiriama wanaoishi nyuma ya Malindi na Kilifi, kigango ni nguzo ya mti mgumu, kama vile muhuhu, iliyotiwa nakshi za pembetatu na kusimikwa kwa ajili ya mzee marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu. Waandishi wengi huifasiri nguzo hiyo kuwa sanamu. Tafsiri hiyo ina kosa, na kosa lenyewe si la kamusi peke yake.

Yafaa kwanza tutenganishe pepo na koma. Pepo humpanda mtu kichwani, naye huchezewa ngoma mpaka aseme ni nani na anataka nini. Koma ni wafu wa ukoo, na njia yao kuu ni ndoto. Marehemu humjia mwanawe usingizini akilalamika kwamba amesahauliwa. Au maradhi huingia nyumbani yasijulikane chanzo. Jamaa huenda kwa mganga wa mburuga, na akithibitisha kuwa mdai ni marehemu, mchongaji huitwa. Nguzo ikisha kusimikwa hufungwa vitambaa, na tembo la mnazi, ambalo Wagiriama huliita uchi, humiminwa chini huku marehemu akiitwa kwa jina lake na kuelezwa haja za waliobaki.

Mchongaji hakusudii kuiga uso wa marehemu. Kichwa chaweza kuwa duara bapa tu. Alichokiona mwana ndotoni kimepatiwa mahali pa kusemezwa. Katika Kiswahili gango ni kitu cha kuungia kilichovunjika. Sidai kwamba asili ya maneno haya mawili ni moja, lakini maana hiyo yakaribia kazi ya kigango kuliko sanamu, neno ambalo kwa mhubiri ni kitu cha kuabudiwa, na kwa mchuuzi ni pambo.

Katika karne ya 19 Wagiriama walitawanyika kutoka Kaya Fungo kuelekea kaskazini, hata wakauvuka mto Sabaki. Ukoo ukihama, kigango huachwa pale pale kiliposimikwa, na kijiti kidogo husimikwa katika boma jipya. Mpita njia aliyezoea neno sanamu akiona nguzo msituni, huona mali isiyo na mwenyewe. Tangu miaka ya 1970 vigango viliibwa kwa wingi, vikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara, na vingi vikaishia Marekani. Viwili vilivyoibwa karibu na Kaloleni mwaka 1985 vilitambuliwa kwa kuwa mtaalamu Monica Udvardy alikuwa amempiga picha mwenye boma akiwa navyo. Kimoja kilikutwa katika makumbusho ya jimbo la Illinois, kingine katika chuo kikuu cha Hampton. Mwaka 2007 kile cha Illinois kilirudishwa kijijini kwa sherehe.

Mwaka 2014 makumbusho ya Denver nayo yalitangaza kuvirudisha vigango 30. Lakini hivi havikuwa na picha ya mwenye boma. Sanamu isiyo na jina yaweza kuwekwa kabatini ikatazamwa. Kigango kisichojulikana ni cha nani hakina wa kukimiminia tembo, wala jina la kuitwa.