Nargisi ya Kijani na Njia ya Tangier

Mwaka 1791 kijana wa Kidenmaki aitwaye Peder Kofod Anker Schousboe, mzaliwa wa Rønne katika kisiwa cha Bornholm, alifunga safari kwenda kusini kutafuta mimea. Alipita Hispania, akavuka mlango wa Gibraltar, akazunguka Moroko, na mwaka 1793 safari ikaisha. Kitabu chake kuhusu mimea ya Moroko kilitoka Copenhagen mwaka 1800. Humo ndimo lilimopewa jina la kitaalamu ua ambalo wakusanyaji wa matunguu wanalililia mpaka leo: Narcissus viridiflorus, nargisi ya kijani.

Anayeifuata njia hiyo sasa ana nafuu. Kivuko cha Tarifa hadi Tangier huchukua kama saa moja, na ua lenyewe liko ng'ambo zote mbili: kwa Hispania katika nchi inayoizunguka Gibraltar, San Roque, Los Barrios na Algeciras, kwa Moroko katika pwani ya Atlantiki ya kaskazini. Jambo la kujua ni mwezi. Ukienda wakati nargisi za manjano zimejaa bustani za Ulaya, huoni ua. Ukienda Agosti, utakuta udongo wa mfinyanzi uliokauka na kupasukapasuka. Mvua za vuli zikishanyesha, Oktoba na Novemba, ndipo shina linapochomoza, jembamba na la mviringo kama jani la kitunguu, wala hakuna jani lolote pembeni yake.

Mchana ni rahisi kulikanyaga. Petali zake ni nyembamba, za kijani, na kikombe cha katikati ni kidogo mno. Jua likizama huanza kunukia, kwa kuwa wageni wake ni nondo, si nyuki wa mchana. Shina lile lile lililobeba ua ndilo linalofanya kazi ya jani, likitengeneza chakula cha tunguu muda wote wa baridi. Tunguu lisilochanua mwaka huo hutoa jani. Sisi wa Afrika Mashariki tuna jamaa yake wa ukoo mmoja, Scadoxus multiflorus, anayetokeza mpira wake mwekundu mvua zinapoanza. Mimea hii imekubaliana na ukame: inalala chini, inasubiri maji.

Schousboe hakuwa wa kwanza kuziona nargisi za vuli. Carolus Clusius, aliyezaliwa Arras, alipita Hispania na Ureno mwaka 1564 na 1565 akimsindikiza kijana wa familia tajiri ya Fugger, na kitabu chake cha mimea adimu ya huko kilichapishwa Antwerp mwaka 1576. Baada ya vitabu kukaja biashara. John Parkinson, mwuza dawa na mtunza bustani wa London, aligharimia safari ya mkusanyaji Guillaume Boel kwenda Hispania, kisha akalalamika kwa maandishi kwamba Boel aliporudi mbegu zilimfikia mtunza bustani mwingine pia, akafaidi bila kutoa senti. Malalamiko hayo ni ya karne ya 17, lakini mtu yeyote anayewajua wapenzi wa matunguu adimu atayatambua mara moja. Wivu wao haujazeeka.

Ndiyo maana Schousboe ananivutia kuliko wote. Wengine walipita, wakachukua, wakaondoka. Yeye alirudi Tangier, mji alikozaliwa msafiri Ibn Battuta aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, akawa konseli wa Denmark huko, na huko ndiko alikofariki mwaka 1832. Miaka hiyo alichunguza hata mwani wa pwani ile kwa bidii kiasi kwamba Mfaransa Édouard Bornet aliuchapishia kitabu mwaka 1892, Schousboe mwenyewe akiwa kaburini miaka sitini.

Majina nayo yana mkasa wake, na unamgusa mnunuzi mfukoni. Mtaalamu wa mimea Linnaeus, ambaye mwanafunzi wake Pehr Loefling alikuwa akimtumia habari za mimea kutoka Hispania, aliiita nargisi ndogo nyeupe ya vuli Narcissus serotinus mwaka 1753. Kwa miaka 250 jina hilo lilibandikwa kila nargisi ya namna hiyo kuanzia Ureno mpaka Israeli. Kumbe zilikuwa mbili. Ile halisi, ya kusini-magharibi mwa Hispania, Ureno na kaskazini mwa Moroko, ina kikombe cha manjano na kromosomu 10. Ya pili, yenye kikombe cha rangi ya chungwa na iliyoenea zaidi, ina 30, na wataalamu wanaieleza kuwa uzao wa serotinus na jamaa yake elegans mwenye 20. Ya pili ilipewa jina la miniatus mwaka 2005, ingawa wengine wanashikilia jina kongwe la obsoletus. Kwa hiyo kibandiko cha serotinus kwenye chungu bado hakitoshi. Subiri ua, utazame kikombe.

Kuotesha hakuhitaji uchawi, kunahitaji kuiga majira ya mlango wa Gibraltar. Chungu kirefu, udongo wenye changarawe, na kiangazi chote tunguu likae kavu kabisa mahali penye joto. Mwagilia kwa wingi Septemba, usiku unapoanza kupoa, kisha usiache likauke mpaka majani yafe yenyewe. Wapandaji wa Uingereza huzitunza chini ya kioo, kwa sababu baridi kali huunguza shina na majani, na kiangazi chao mara nyingi hakina joto la kutosha kulishawishi tunguu kuchanua. Huko California hali ni nyepesi zaidi. Harold Koopowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa profesa katika chuo kikuu cha Irvine, alizalisha huko machotara ya vuli yenye damu ya nargisi ya kijani. Aliye na mbegu huzipanda vuli, hazigusi kwa miaka miwili, na huhesabu miaka minne, mitano au zaidi kabla ya ua la kwanza.

Miaka hiyo ndiyo inayowashinda watu, na ndiyo inayomfanya mwizi wa matunguu awe na soko. Na adui si mwizi peke yake: Ghuba ya Algeciras imejengwa bandari, viwanda na barabara juu ya udongo ule ule mzito unaopendwa na nargisi. Mwaka 1992 nargisi ya kijani iliwekwa katika orodha ya mimea inayolindwa na sheria ya makazi ya viumbe ya Umoja wa Ulaya. Pamoja nayo imo nargisi nyingine ya vuli, ndogo na ya manjano, inayoitwa cavanillesii. Hiyo Ureno ilikuwa na makundi mawili tu kando ya mto Guadiana. Bwawa la Alqueva lilipokaribia kufungwa, Februari 2002, kundi moja lilikuwa kwenye ardhi ya kuzama. Matunguu yakang'olewa na watafiti, yakahamishiwa mahali pa juu. Hapo jembe lilikuwa na sababu. Kwenye mashamba ya San Roque halina, na kuling'oa tunguu bila kibali ni kosa.

Kwa hiyo anayeitaka nargisi hii amwulize muuzaji maswali mawili kabla ya kulipa: mbegu zilitoka kwa nani, na zilipandwa mwaka gani? Asiyeweza kuyajibu usinunue kwake, hata kama tunguu ni nono na bei ni ya kutupa.