Mwana-Kondoo wa Auckland

Zamani mtoto azaliwaye kabla ya kutimia miezi yake aghalabu alikaa duniani siku mbili tatu tu, akihema kwa taabu na kuguna, mbavu zikibonyea ndani kwa kila pumzi, hadi nguvu zikamwishia. Na hata Patrick, mwana wa Rais Kennedy wa Marekani, aliyezaliwa Agosti 1963, alifariki baada ya saa 39, ingawa matabibu hodari hawakukosekana. Sababu ilikwisha kubainishwa mwaka 1959 na Dokta Mary Ellen Avery na mwenziwe Jere Mead: mapafu ya watoto hao yalipungukiwa na ute laini uzuiao vifuko vya hewa visinywee, nao hukamilika katika majuma ya mwisho ya mimba. Dawa ndiyo haikuwapo.

Ilitokea pasipotazamiwa. Huko Auckland, New Zealand, Dokta Graham Liggins alikuwa akitafuta jambo jingine kabisa, yaani kianzishacho uchungu wa uzazi, na kwa ajili hiyo akawatia wana-kondoo, wangali matumboni, dawa za jamii ya kotisoli. Mmoja wao akazaliwa siku ya 117, ilhali mimba ya kondoo huchukua siku takriban 147, naye akawa anapumua, hali kwa maarifa ya wakati ule alipasa kuwa maiti. Wengi wangalipita; Liggins hakupita, bali alishuku kwamba dawa ile imeyakomaza mapafu mapema. Akashirikiana na tabibu wa watoto, Ross Howie, wakawapima akina mama 282, baadhi kwa sindano za betamethasoni, dawa ya jamii ile ile, na baadhi kwa sindano zisizo na dawa hiyo. Na mwaka 1972 wakatangaza kwamba, kwa waliojiwa na uchungu mapema, vifo vya watoto katika siku za mwanzo vilikuwa 3.2 kwa mia upande wa dawa, na 15 upande wa pili.

Hapa ndipo moyo uniumapo. Dawa ilikuwa rahisi, hesabu zilikuwa wazi, na bado matabibu wengi wa uzazi walisita, wakihofia madhara, hata mwaka 1994, ndipo mkutano wa wataalamu nchini Marekani ulipoihimiza itumiwe. Na watoto wangapi walizikwa katika miaka hiyo 22, ilhali tiba yao imekwisha kuchapwa! Katika nchi zetu shaka ilidumu zaidi, na haikuwa bila sababu, kwani dawa hiyo hutaka mama awe mikononi mwa wauguzi wenye vifaa na ujuzi. Hata mwaka 2020 uchunguzi uliofanywa katika hospitali za Kenya, Nigeria, India, Pakistan na Bangladesh ukathibitisha kwamba deksamethasoni, ndugu ya ile ya Auckland, huwaokoa watoto njiti wa kwetu pia.