Kipimo Kisichofika Shambani

Mwanafunzi msomaji, ulapo ugali jioni huulizi mahindi yake yalianikwa wapi, wala yalitiwa ghalani yakiwa na unyevu kiasi gani. Wamwamini aliyekupakulia, naye alimwamini mwuza unga, na mwuza unga alimwamini mkulima. Imani hiyo ni njema, walakini historia yatufundisha kwamba haitoshi. Chakula chahitaji kanuni zinazojulikana, na mkaguzi wa kuona kama kanuni hizo zinafuatwa.

Kisa chenyewe kilianzia Uingereza. Mwaka wa 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa huko kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeujua. Wataalamu walipochunguza, waliona ya kuwa ndege hao walilishwa mashudu ya karanga zilizotoka Brazil, na kwamba mashudu hayo yalikuwa na sumu iliyotokana na kuvu. Kuvu hiyo huitwa na wataalamu Aspergillus flavus, na kutokana na jina hilo sumu yake ikaitwa aflatoksini. Sisi twaiita pia sumukuvu. Ubaya wake ni kwamba sumu yenyewe haionekani kwa macho, wala moto wa jikoni hauimalizi. Kwa hiyo nchi nyingi ziliweka sheria ya kiasi ambacho chakula hakiruhusiwi kukipita.

Kenya nayo iliweka kiwango chake: sumu isizidi sehemu 20 katika sehemu bilioni 1 za chakula. Je, kiwango hicho kilitukinga? Mwaka wa 1981 watu 12 walifariki katika sehemu za Machakos kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Lilikuwa onyo. Kisha, katika mwaka wa 2004, msiba mkubwa zaidi ukatokea, hasa katika wilaya za Makueni na Kitui, kama zilivyoitwa wakati ule. Watu 317 waliugua, na 125 miongoni mwao wakafariki. Wachunguzi walipima vyakula vya mahindi kutoka masoko 65 ya sehemu hizo, wakaona kwamba zaidi ya nusu vilipita kiwango cha sheria. Vingine vilikuwa na sumu zaidi ya sehemu 1,000 katika bilioni 1.

Usiharakishe kuwalaumu wakulima. Chakula kilikuwa haba, na wengi waliogopa mahindi yao yasije yakaibwa. Kwa hiyo waliyavuna na kuyaweka ndani ya nyumba walimolala, yakiwa bado yana unyevu, na kuvu hupenda mahali penye joto na unyevu. Sheria ilikuwako, na kipimo kilikuwako. Lakini mahindi ya mkulima mdogo hayakupita mbele ya mpimaji. Yalitoka shambani, yakaingia nyumbani, yakaingia chunguni, na yaliyosalia yakapelekwa soko la karibu.

Sasa linganisha jambo hilo na habari ya maharagwe machanga tunayoyauza Ulaya. Mwaka wa 1997 wenye maduka makubwa ya huko waliunda utaratibu ulioitwa EurepGAP, ambao tangu 2007 huitwa GLOBALG.A.P. Mkulima aliyetaka kuwauzia ilimpasa aandike daftarini dawa aliyonyunyiza na siku aliyoinyunyiza, na mkaguzi alifika shambani kuyatazama hayo kwa macho yake. Basi chakula cha meza za ng'ambo kilikaguliwa tangu shambani, na mahindi ya watoto wetu wenyewe hayakukaguliwa! Hata hivyo tusiusifu utaratibu huo kupita kiasi. Gharama zake zilikuwa nzito, na wakulima wadogo wengi walishindwa wakaacha kilimo hicho. Waliojiunga katika vikundi na kukaguliwa pamoja ndio walioweza kugawana mzigo huo.

Tujifunze nini, basi? Kwanza, mkaguzi na afike mapema. Mwalimu asiyeonekana darasani ila siku ya mtihani hawezi kujivunia wanafunzi wake. Vivyo hivyo mkaguzi anayemngoja mkulima kwenye mizani, akamwambia tu, "Mahindi yako mabaya, yarudishe," hajamwokoa mtu. Mkulima huyo ana karo ya kulipa; atayapeleka kwa mnunuzi asiyepima, na sumu ile itarudi sokoni. Angalifika wakati wa mavuno, angalimwonyesha kuanika juu ya turubai badala ya udongo mtupu, na kuyaweka magunia juu ya vichaga.

Pili, kipimo na kiwe karibu na mkulima. Mahindi ya kuwekwa akiba yanapaswa kuwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Asiye na chombo cha kupimia aweza kuanza kwa chupa ya kioo iliyo kavu: atie punje za mahindi na chumvi kavu, atikise, kisha aangalie. Chumvi ikigandama kwenye chupa, mahindi yangali mabichi, ayarudishe juani. Isipogandama, yamekaribia kukauka, lakini bado yafaa yapimwe kwa chombo.

Tatu, mpimaji na awe mwaminifu katika kazi yake. Sumukuvu haienei sawasawa. Yaweza kuwa katika punje chache tu za gunia. Anayechoma bambo mahali pamoja, akaandika cheti, amepima bahati na wala si mahindi. Hapana budi achome magunia mengi, juu, katikati na chini.

Baadaye kiwango cha sheria kilipunguzwa kutoka 20 hadi 10, na mwezi wa Machi 2021 Kenya ilizuia kwa siku chache mahindi ya Tanzania na Uganda, kisha ikayaruhusu kwa sharti la kuwa na cheti cha kipimo. Hayo yafaa, lakini mpaka una lango, na shamba la nyuma ya nyumba halina.

Msomaji wangu, huenda kesho wewe ndiwe utakayekuwa mkulima, au mkaguzi, au mtunga sheria. Wakumbuke watu wale 125. Hawakufa kwa kukosa sheria. Walikufa kwa kuwa sheria haikuwafikia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu huzibwa siku ya kuanika mahindi.